Breki "kukatika" milimani: maelezo kwa wanaosafiri kwa pikipiki hadi Kisoro

Tangu mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, baada ya kufungwa kwa takriban miaka mitatu, safari ya pikipiki kutoka Kigali hadi Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, imewezekana tena kwa siku mbili za mwisho wa juma. Wapo wanaokwenda kuwaona jamaa, na wapo wanaokwenda kutazama milima tu. Msafiri huondoka Kigali asubuhi, hupita kando ya mashamba ya chai ya Mulindi, huvuka mpaka, hufika Kabale, hupanda hadi msitu wa Echuya, kisha huteremkia Kisoro. Kesho yake hurudi nyumbani kwa njia ya Cyanika na Musanze. Mzunguko huo ni wa kilomita 300 hivi, wote kwa lami, na hauhitaji pikipiki kubwa kama zile za watalii kutoka Ulaya tunazoziona zikipita na masanduku ya bati ubavuni. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 huumaliza, ilimradi mwendeshaji asiwe na haraka.

Uzuri wa njia hiyo hauna haja ya kutetewa. Kinachohitaji maelezo ni jinsi watu wanavyoumia humo, kwa sababu maneno tunayoyatumia kuripoti ajali za milimani yanaficha chanzo chake.

Katika chumba chetu cha habari, taarifa nyingi za ajali hutufikia kwa Kinyarwanda, nasi huzitafsiri. Kinyarwanda husema kwamba chombo "cyacitse feri". Kwa miaka kadhaa nami nimeandika bila kusita kwamba "kilikatika breki". Msikilizaji akisikia hivyo huona waya uliokatika ghafla, yaani bahati mbaya ambayo hakuna aliyeweza kuizuia. Lakini ukimwuliza fundi aliyekifungua chombo hicho baadaye, mara nyingi atakuambia kwamba hakukuta kitu kilichokatika. Breki zilikuwa zimezidiwa na joto, na kuna mtu aliyezizidishia joto hilo bila kujua.

Sikulijua jambo hili kwa kusoma. Nililijua kwa mguu wangu wa kulia, juu ya pikipiki ya kuazima, nikiwa nimempakia shemeji yangu. Tulikuwa tumesimama Kanaba, pale msitu unapokwisha na bonde la Kisoro kufunguka ghafla, mlima Muhabura wenye kimo cha mita 4,127 ukiwa umesimama mbele yetu, na Mgahinga na Sabinyo wakimfuata kwa safu. Shemeji akasema petroli imekuwa ghali, basi tuteremke bure. Nikazima injini, nikaiacha gia huru, nikaachia breki.

Kona za mwanzo zilikuwa raha tupu: upepo, kimya, na sauti za ndege. Kwenye kona ya sita au ya saba pedali ya breki ya nyuma ilizama chini ya mguu wangu kana kwamba nakanyaga godoro, na harufu ya kitu kinachoungua ikapanda. Nikaishika breki ya mbele kwa hofu. Pikipiki ikaacha lami, ikaingia kwenye changarawe za ukingoni na kusimama ikiwa imeegemea ukuta wa udongo. Laiti ukuta ule ungekuwa upande wa pili wa barabara, ambako hakuna kitu ila bonde, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine.

Hatua chache chini ya hapo palikuwa na mzee anayetengeneza baiskeli na pikipiki. Shemeji alikwisha kufungua chupa ya maji ili apoze gurudumu.

"Usilimwagie maji, mwanangu," mzee alimkataza. "Chuma kitapinda." Kisha akanigeukia mimi. "Umeshuka na gia ya ngapi?"

"Sikuweka gia, mzee."

"Basi ilikuwa haina wa kuishika isipokuwa mguu wako."

Tulikaa kivulini nusu saa. Alikaza nati moja ya breki, akaikanyaga pedali, nayo ikawa ngumu kama asubuhi. Hakubadilisha kifaa chochote, wala hakutaka malipo zaidi ya bei ya soda.

Joto linatoka wapi

Kitu kizito kilichopandishwa mlimani kimehifadhi nguvu iliyotumika kukipandisha. Kikiteremka, nguvu hiyo lazima iende mahali. Isipotolewa polepole, hugeuka kuwa mwendo. Na breki hazina kazi nyingine ila kuubadilisha mwendo kuwa joto.

Tufanye hesabu ndogo. Pikipiki ya kilo 120, watu wawili na begi lao, jumla kilo 280 hivi. Uzito huo ukishuka mita 500 kwa kimo, nguvu inayotolewa inatosha kuzichemsha lita 4 za maji baridi hadi zitokote. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi, lakini kwenye kona kali, ambako mwendo ni mdogo, upepo hausaidii sana. Sasa fikiria sufuria hiyo ya maji yanayotokota, kisha fikiria kwamba joto lake lote linapelekwa kwenye vipande viwili vidogo vya breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi.

Pikipiki nyingi ndogo za eneo letu zina breki ya ngoma nyuma, na nyingine hata mbele. Ngoma hiyo ni duara la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyosukumwa kwa nje ili vilisugue. Chuma kikipata joto hutanuka. Kwa hiyo ngoma hujitenga na vipande vinavyoisugua, na pedali hulazimika kushuka zaidi ili kuifikia. Wakati huohuo uso wa vipande hivyo huungua na kuwa laini kama kioo, nao hausugui tena bali huteleza. Mwendeshaji hukanyaga kwa nguvu zaidi, joto huongezeka, na mambo huzidi kuharibika. Kwa kuwa ngoma imefunikwa, joto hilo halina njia ya haraka ya kutoka.

Breki ya diski ina nafuu, kwa kuwa sahani yake iko wazi kwa upepo. Lakini nayo ina udhaifu wake ambao hauonekani kwa macho. Husukumwa na mafuta maalumu, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, hata yakiwa ndani ya kopo lililofungwa ovyo. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mapovu. Mafuta hayabinyiki, ila mapovu hubinyika, na hapo mshiko wa breki huja wote hadi kwenye usukani bila gurudumu kusikia lolote. Anayekumbuka kubadilisha mafuta ya injini kila mwezi na hajawahi kubadilisha mafuta ya breki tangu aliponunua chombo, ana sababu ya kumwona fundi kabla ya safari hii.

Gia ya kupandia ndiyo ya kuteremkia

Dawa ni ya zamani, na madereva wa malori huijua vyema: teremka mlima kwa gia ileile ambayo ungeitumia kuupanda. Ukiufunga mkono wa mafuta huku gia ikiwa imeingia, si injini inayolizungusha gurudumu tena, bali gurudumu ndilo linaloizungusha injini. Injini iliyonyimwa hewa ni mzigo mzito kuzungusha, kwa hiyo huuzuia mwendo. Nguvu iliyokuwa iende kwenye breki huishia ndani ya injini, ambayo iliundwa tangu mwanzo kuvumilia joto na ina mapezi ya kulipoza. Kelele yake hupanda, na wengi huogopa kwamba wanaiharibu. Hawaiharibu, mradi hawakuingiza gia ya chini kupita kiasi wakiwa tayari na mwendo mkali. Gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza.

Gia huru huondoa msaada huo wote. Na petroli inayookolewa? Kwenye pikipiki za kisasa zinazopuliza mafuta kwa kompyuta, ukiufunga mkono wa mafuta ukiwa ndani ya gia, mafuta hukatwa kabisa. Ukiwa kwenye gia huru injini inayonguruma huendelea kunywa. Yaani anayejibana kwa gia huru ndiye anayetumia zaidi. Kwenye pikipiki zenye kabureta upo uokoaji kidogo, lakini kwa mteremko wote wa Kanaba haufiki hata robo lita. Anayezima injini kabisa hupoteza na jambo jingine: kwenye pikipiki nyingi taa ya mbele huzimika nayo, na ndani ya ukungu dereva wa lori hatamwona.

Breki zenyewe zitumike kwa vipindi. Ibane kwa uthabiti kabla ya kona, punguza mwendo, kisha iachie kabisa ipate kupumua. Mguu unaoikalia pedali kidogokidogo kutoka juu hadi chini ndio unaopika. Pia wengi wetu tumelelewa kuiogopa breki ya mbele, tukaambiwa kwamba hupindua mtu. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na kwenye mteremko huhamia zaidi. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi na hufunga kwa urahisi. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ibanwe pole kwanza kisha kwa nguvu, pikipiki ikiwa wima, wala si katikati ya kona wala juu ya changarawe.

Ukisikia harufu ya kuungua, simama. Subiri bila maji. Usiguse kitovu cha gurudumu kwa vidole, kwani ngozi itabaki hapo.

Mpaka unaobadilisha upande wa barabara

Rwanda tunaendesha kulia, urithi wa Wabelgiji. Uganda huendesha kushoto, urithi wa Waingereza. Watu wa Kisoro, Wafumbira, husema lugha ambayo msikilizaji wa Musanze huielewa bila mkalimani. Ni makubaliano ya Wazungu mjini Brussels mwaka 1910 yaliyowaacha upande wa Uganda. Kwa hiyo mtu huvuka mpaka, husikia salamu zilezile, huona migomba ileile na viazi vilevile kando ya barabara, na hakuna kinachomkumbusha kwamba yuko kwingine ila upande wa barabara. Ndiyo maana husahau.

Penye msongamano wa mpakani hasahau, kwa kuwa hufuata wenzake. Husahau baadaye: asubuhi ya pili anapotoka nyumba ya wageni, au anapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Mazoea ya miaka humrudisha kulia, naye hujiona yuko sawa mpaka lori linapojitokeza. Alama rahisi ya kukumbuka ni bega. Ukiwa Uganda, mstari wa katikati ya barabara uwe upande wa bega lako la kulia. Ukirudi Rwanda, uwe upande wa kushoto. Jiulize kila unapowasha injini.

Mabadiliko hayo hugusa hata kona. Pikipiki hulalia upande inaopinda. Rwanda, kwenye kona ya kushoto, kichwa cha mwendeshaji huelekea mstari wa katikati, na anayeusogelea mno huwa kichwa chake kimo ndani ya njia ya wanaokuja ijapokuwa magurudumu yake yamo ndani ya njia yake. Tumejifunza kuziogopa kona hizo. Uganda jambo hilo hugeuka: kona ya hatari hiyo ni ya kulia, ambayo sisi hatukufundishwa kuihofia. Malori ya viazi, kwa urefu wao, huzikata kona za Echuya, na hakuna haja ya kubishana nayo. Kabla ya kona usiyoiona mwisho wake, jitenge na mstari wa katikati, punguza mwendo ukiwa wima, kisha tazama mbali, pale kona inapotokea. Pikipiki hufuata macho. Anayelikodolea bonde macho kwa hofu huenda bondeni.

Ukungu, mvua na saa

Barabara inayovuka msitu wa Echuya iko juu ya mita 2,200. Kwenye mita 2,400 shinikizo la hewa ni takriban robo tatu tu ya lile la pwani, hivyo pikipiki ya kabureta itaonekana mvivu na kutoa moshi mweusi kidogo. Si ugonjwa, wala hakuna haja ya kumwita fundi aichokoe. Ukungu hukaa humo asubuhi hadi jua linapopata nguvu, na baridi yake huwashangaza waliotoka Kigali na shati jepesi. Vidole vilivyokufa ganzi hubana breki kwa kuchelewa. Glavu hapa ni sehemu ya breki.

Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, ni ya mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na upande wa Kisoro pia kulikuwa na vifo. Udongo huo wenye rutuba ya volkeno hauhitaji janga kubwa ili uwe hatari kwa magurudumu mawili: mvua ya nusu saa huumwaga juu ya lami, mwembamba na wenye utelezi, hasa pale njia za mashamba zinapokutana na barabara. Mvua kubwa ikinyesha, subiri kwenye kibanda cha chai chenye watu. Usisubiri chini ya ukingo uliochimbwa.

Kuhusu hati, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wamekuwa wakivuka mipaka hii kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Kitambulisho hicho ni cha mtu, si cha pikipiki. Yenyewe huhitaji kadi yake ya usajili, bima ya nchi za COMESA inayojulikana kama kadi ya njano, na kibali cha muda cha forodha. Na ikiwa ni ya kuazima, beba barua ya mwenyewe. Nilipovuka na ile ya jirani yangu bila barua, nilitumia saa mbili kueleza kwamba sikuiiba, na Kiswahili changu cha vitabuni hakikunisaidia kama nilivyotarajia.

Limebaki jambo la saa. Uganda iko mbele ya Rwanda kwa saa moja. Anayetoka Kisoro saa kumi jioni kwa saa ya huko, akivuka Cyanika huona simu yake imerudi nyuma, naye hufurahi kana kwamba ameongezewa muda. Jua halikuongezewa. Kisoro amelizoea likizama karibu na saa moja. Rwanda litazama karibu na saa kumi na mbili. Mpakani atapoteza muda, Musanze atataka kula, na zitabaki kilomita 100 hivi hadi Kigali. Mteremko mrefu wa Shyorongi, unaoshuka hadi mto Nyabarongo kwa kona zinazofuatana na malori yakiwa mbele na nyuma, ataukuta gizani, mwenyewe akiwa amechoka baada ya siku mbili barabarani. Aliyechelewa kutoka Kisoro na alale Musanze. Vitanda vipo vya bei nafuu, na asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, Muhabura huonekana kutoka upande wa pili.